Uliza Ujibiwe: Noti yangu imekosewa kuchapwa, nitapata shilingi ngapi?

Meseji za mwezi huu karibu zote ni picha za noti. Kuna zilizochanika, kuna zilizochorwa na peni, kuna zilizofuliwa na suruali zikapauka, na katikati ya hizo zote kuna chache ambazo kweli zimetoka kiwandani na kasoro. Nimechagua maswali ambayo majibu yake yatawasaidia na wengine.

Shikamoo mzee. Mi ni wakala wa pesa za simu huku Mwanza, noti nyingi zinapita mikononi mwangu. Juzi nimepata elfu kumi ambayo picha imesogea, upande mmoja ule weupe wa pembeni ni mpana kuliko mwingine. Jamaa mmoja kwenye grupu la wasapu anasema ni milioni mbili hiyo. Niiuze au nisubiri ipande?

Marahaba mwanangu. Hiyo ni elfu kumi, itumie tu.

Usivunjike moyo lakini, maana wewe uko kwenye nafasi nzuri kuliko wengi, mtu anayehesabu noti kutwa nzima ndo anayeokota hizi kitu. Ila uelewe kwanza noti inavotengenezwa. Haichapwi moja moja, zinachapwa nyingi kwa pamoja kwenye karatasi moja kubwa, Wamarekani kwa mfano walizoea noti 32 kwenye shiti moja na siku hizi wana mashiti ya noti 50. Hiyo shiti inapita mashine zaidi ya moja: kuna inayoweka rangi nyepesi za chini, kuna ile ya sahani za chuma zilizochongwa ambayo inakandamiza karatasi kwa nguvu kubwa mno (ndo maana ukipitisha kucha juu ya picha ya noti mpya unahisi mikwaruzo), afu mwishoni ndo inakuja mashine ya namba, na baada ya hapo kisu kinakata. Karatasi ikisogea kidogo mahali popote hapo, pembeni panakuwa hapalingani. Inatokea kila siku na viwanda vinaruhusu tofauti ndogo, kwa hiyo wakusanyaji hawalipii.

Wanacholipia ni pale kisu kimekosea mpaka ukaona kipande cha noti ya jirani kimeingia kwenye yako, yaani unaona mstari mweupe wa mpaka na ng'ambo yake mchoro wa noti nyingine umeanza. Ukikutana na hiyo usiikunje hata mara moja, weka shilingi zako mwenyewe kwenye droo badala yake, na uiweke kwenye kitabu kikavu mpaka upate mfuko mzuri.

Na hapa niseme jambo ambalo nitalirudia mpaka mnichoke, noti ikikutia mashaka usianze na bei, anza kujiuliza mashine ilifanyaje mpaka ikatoka hivi? Ukiweza kueleza ni hatua gani ilikosea, endelea kuuliza. Ukishindwa, mara nyingi kilichoiharibu ni jua, sabuni, au mtu.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo Arusha, napenda sana haya mambo. Noti gani iliyokosewa imewahi kuuzwa bei kubwa na kwa nini?

Nakupa ile ninayoipenda kuliko zote. Ni dola 20 ya Marekani toleo la 1996 ambayo ina stika ya ndizi, ile stika ndogo ya rangi rangi ya kampuni ya Del Monte wanayobandika kwenye matunda, imeandikwa Ecuador. Mwaka 2004 mwanafunzi wa chuo kule Ohio alitoa pesa kwenye ATM ikatoka hiyo. Akaiweka eBay, lile soko la mtandaoni, ikauzwa dola elfu kumi na kidogo. Mwaka 2006 ikauzwa tena kwenye mnada kwa dola 25,300, na Januari 2021 kampuni ya minada ya Heritage ikaiuza dola 396,000, ambayo kwa shilingi za Kitanzania za wakati ule ni zaidi ya milioni 900.

Sasa utasema hata mi naweza kubandika stika kwenye noti. Unaweza, lakini haitakuwa hivi. Angalia vizuri picha yake: stika imekaa juu ya picha ya noti, ila muhuri wa kijani na namba ya noti vimechapwa JUU ya stika. Maana yake stika ilidondokea kwenye karatasi baada ya picha kuchapwa na kabla ya mashine ya namba haijapita. Ilikuwa mle mle kiwandani. Hakuna mtu wa nje anayeweza kufanya hivo nyumbani kwake, na noti yenyewe inakuonyesha ushahidi kwa macho bila maelezo ya mtu. Ongeza na hilo kwamba ni kali, inachekesha, iko moja, na kila anayeiona anaielewa papo hapo, ndo bei ikaenda huko.

Halafu kuna zile za kawaida zaidi ambazo nazo zina heshima yake. Kuna noti ambayo namba ya kushoto na ya kulia hazifanani. Kuna iliyochapwa namba kichwa chini kwa sababu shiti iliingizwa mashine ya mwisho ikiwa imegeuzwa. Kuna ambayo upande wa nyuma una kivuli cha picha ya mbele ila imegeuka kama unaiona kwenye kioo, hii inatokea pale mashine ilipozunguka bila karatasi ndani, wino ukaingia kwenye silinda, na shiti zilizofuata zikaubeba kwa nyuma, ya kwanza inabeba mwingi na zinazofuata zinafifia. Na kuna ile iliyojikunja kabla ya kuchapwa, ukiikunjua unakuta kipande cheupe kimekata katikati ya picha, au kona ina sikio la karatasi limebaki nje kwa sababu kisu hakikulifikia. Hizi za kujikunja ndo nakushauri uzitafute maana ni rahisi kuzitambua na ni ngumu kuzighushi.

Ya juu kabisa kwa heshima ni ile ambayo mbele ni noti ya thamani moja na nyuma ni ya thamani nyingine, shiti za aina mbili zilichanganyika. Hizo hata wakusanyaji wakubwa wengi wanaziona kwenye picha tu.

Asalaam aleikum kaka, nakuandikia kutoka Muscat. Nina dola moja ya 2013 ina nyota mwisho wa namba. Nimeona video inasema hizo zina thamani ya dola laki na nusu. Ni kweli?

Waaleikum salaam ndugu yangu. Nyota sio kosa. Kiwanda kikigundua shiti imeharibika kinaitoa, na mahali pake kinaweka noti ya akiba yenye nyota ili hesabu isipungue. Wamarekani wanafanya hivi tangu 1910. Hata huku kwetu kuna kitu kama hicho, nchi nyingi ambazo noti zao zilichapwa na De La Rue, kampuni ya Uingereza ya kuchapa noti, namba za noti za akiba zimeanzia na herufi za Z.

Ila hizo video hazijatoka hewani, kuna kisa cha kweli ndani yake. Kwenye dola moja za 2013 zenye herufi B, alama ya tawi la New York la benki kuu yao, kazi ya kuchapa noti za nyota ilipewa viwanda vyote viwili, cha Washington na cha Fort Worth kule Texas, kwa namba zile zile. Kwa hiyo kuna noti zaidi ya milioni 6 ambazo kila moja ina pacha wake mwenye namba ile ile. Namba zenyewe ni kuanzia B00000001* mpaka B00250000*, na B03200001* mpaka B09600000*. Ya Fort Worth utaijua kwa herufi ndogo FW karibu na namba ya sahani upande wa mbele.

Sasa thamani iko kwenye PEA. Mtu mwenye noti zote mbili pacha zikiwa safi, huyo ana kitu. Mwenye moja ana tumaini, na noti yenyewe mnunuzi atakuongeza kidogo tu juu ya dola moja. Wakusanyaji wameanzisha orodha mtandaoni za kuoanisha hizi noti, andika namba yako huko, haikugharimu chochote, labda pacha wake yuko kwa mtu Uingereza au Manila. Ila usimlipe mtu anayesema anaye pacha wako na anataka hela ya kukutumia kwanza.

Nimeuziwa Morogoro elfu kumi isiyo na namba kabisa, kwa laki tatu. Muuzaji alisema ni makosa ya kiwandani. Fundi simu mmoja kaniambia imefutwa na dawa. Nitajuaje?

Pole sana dada. Nimekasirika kusoma hii kwa sababu ni mchezo unaojulikana na unawaumiza watu wanaopenda kujifunza. Zipo kemikali zinazoondoa wino wa namba, na hata rangi zingine zinabadilika tu zikikutana na dawa, muhuri wa kijani wa dola ukiguswa na kemikali fulani unageuka njano au bluu na kuna watu wanauza hizo kama makosa adimu.

Fanya hivi leo usiku. Zima taa, chukua tochi ya simu, iweke noti karibu nayo upande mmoja ili mwanga upite kwa kulala juu ya karatasi. Angalia pale namba zilipotakiwa kuwa, afu geuza uangalie nyuma ya sehemu hiyo hiyo. Namba zikichapwa kwa herufi za chuma huwa zinaacha alama ndogo ya kusukumwa kwenye karatasi, wino ukiondolewa ile alama mara nyingi inabaki. Ukiona hata vivuli vya tarakimu mbili tatu, umeshapata jibu. Kisha linganisha karatasi yenyewe na noti nyingine mpya: iliyopitiwa na dawa inapoteza mng'ao, inakuwa na manyoya manyoya ukiitazama kwa kioo cha kukuzia, na chini ya taa ya kukagulia noti, ile ya bluu ya dukani, eneo lililofutwa linang'aa tofauti na jirani yake. Angalia na wino wa picha pembeni ya eneo la namba, dawa haijui mpaka, huwa inakula kidogo na visivyohusika.

Kama ni feki ya namna hiyo rudi kwa muuzaji ukiwa na shahidi, na akikataa nenda polisi na meseji zenu zote bila kuzifuta. Na tafadhali usije ukaiuza kwa mwingine ili kurudisha laki tatu yako.

Mzee habari za huko. Babu yetu Tabora ameacha karatasi za rupia, zimeandikwa kijerumani, 1915 na 1916. Zimechapwa vibaya sana, namba zimepinda, karatasi zingine nene zingine nyembamba, rangi tofauti. Ni makosa au ni feki? Kuna watu wanakuja nyumbani wanataka kuzinunua.

Hapa nimefurahi kweli, hebu mlioko Tabora msikilize.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, meli za Waingereza zilifunga bahari, Wajerumani wa huku hawakuweza kupata noti kutoka kwao. Wakaamua kuchapa wenyewe, Dar es Salaam na Tabora, kwa mitambo ya kuchapia magazeti na karatasi yoyote iliyopatikana. Ndo hizo zinaitwa noti za muda, chini zimeandikwa Daressalam/Tabora na tarehe, kwa mfano 1 Novemba 1915 au 1 Februari 1916, na zina saini. Karatasi kutofautiana, rangi kutofautiana, herufi kupinda, ndo hali halisi ya noti zenyewe. Ukikuta moja imenyooka sana na karatasi nyeupe safi, hiyo ndo nitaitilia shaka mimi.

Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakaingia Tabora, Waingereza nao wakawa wameshaichukua Dar, Wajerumani wakabaki wanakimbia kusini na mitambo hawana. Mwaka 1917 wakachapa noti porini kwa mihuri ya herufi za mpira, zile za kupanga kwa mkono moja moja. Mpaka leo wakusanyaji wanaziita noti za porini. Humo sasa makosa ni tele, herufi zimekosekana, na zingine tai, yule ndege wa nembo ya Wajerumani aliyeko upande wa nyuma, amegongwa kichwa chini. Yaani kuna askari au karani alikaa chini ya mti anagonga muhuri noti moja baada ya nyingine, na ukiishika unaona alipochoka, wino umefifia, afu kachovya tena umekolea mpaka umetapakaa.

Bei: zile za rupia moja za 1915 na 1916 zilitolewa kwa wingi kwa hiyo nyingi hazina bei ya kutisha, zilizochakaa ni za kiasi tu. Thamani inapanda kwa rupia 50 na 200, kwa zilizo safi, na kwa aina adimu za maandishi na karatasi, orodha za wakusanyaji zinatenganisha aina nyingi sana za noti hiyo hiyo moja. Kwa hiyo msiuze kwa fungu. Piga picha kila moja mbele na nyuma, andikeni tarehe na herufi zilizopo, ndo muanze kuongea na mtu. Na hao wanaokuja nyumbani, wakianza habari za rupia zenye nguvu, sijui zinavuta mchele, sijui zina madini ndani, watoeni nje, huo ni utapeli wa miaka mingi na familia zimeuza mpaka ng'ombe kwa ajili yake.

Noti yangu ya elfu tano ina saini tofauti na nyingine za elfu tano. Je imekosewa? Pia nina rafiki Nairobi elfu yake moja ina uzi wa rangi tofauti. (Kigamboni)

Hapana kwa yote mawili. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa kuanzia Februari 2025 noti za sura ile ile zenye saini za Mwigulu Nchemba, aliyekuwa Waziri wa Fedha wakati huo, na Gavana Tutuba, za elfu mbili, tano na kumi. Kenya nao 2024 walibadilisha saini na rangi ya uzi wa usalama, wakaanza na ya elfu moja. Zote halali.

Niliona neno limekosewa herufi kwenye noti ya nje, hiyo si lazima iwe ghali? (Bukoba)

Sio lazima. Australia walitoa dola 50 mpya Oktoba 2018, ina maandishi madogo mno ya hotuba ya Edith Cowan, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bunge kule, na neno la Kiingereza la "wajibu", responsibility, limekosa herufi i moja. Watu wakagundua Mei 2019, wakati noti milioni 46 zilishaingia mtaani. Kosa la kweli la kiwandani kabisa, lakini kila mtu analo, kwa hiyo dola 50 ikabaki dola 50.

Mimi ni wa Mombasa. Ninayo elfu moja ya zamani ya Kenya, ile iliyofutwa 2019, imejikunja wakati wa kuchapwa, ina kipande cheupe na sikio la karatasi kama ulivowahi kueleza. Nimtafute nani, nidai ngapi?

Picha yako nimeiona, na kwa macho yangu hiyo ni ya kweli, mistari ya picha inakatika upande mmoja wa mkunjo na inaendelea pale pale upande wa pili. Hongera.

Benki haitakupa kitu maana elfu za zamani mwisho wake ulikuwa 30 Septemba 2019, kwa hiyo thamani yote iko kwa mkusanyaji. (Ndugu zangu wa Tanzania na nyie ni vivo hivo, noti za 1985 hadi 2003 na mia tano ya karatasi ya 2010 mwisho wa kubadilisha ulikuwa 5 Aprili 2025, mwenye nayo iliyokosewa asiitupe.)

Bei usiichukue kwenye matangazo ya wauzaji, mtu anaweza kuandika milioni kumi na ikakaa miaka. Nenda eBay chagua kuona zilizoshauzwa, afu angalia kumbukumbu za minada za Heritage, Spink au Noonans ambazo ziko wazi kwa yeyote, tafuta noti za Afrika Mashariki zenye kasoro ya mkunjo. Utaona haraka kwamba kosa lile lile kwenye dola linauzwa zaidi kuliko kwenye shilingi, kwa sababu wanunuzi wa dola ni wengi. Kwa upande mwingine shilingi zenye makosa ni chache sokoni, akitokea mkusanyaji wa Kenya mwenye nia anaweza kukulipa vizuri kuliko ulivotarajia.

Kuna kampuni za kupima noti kama PMG ya Marekani, wanaipa alama kati ya 1 na 70, wanaandika aina ya kosa, wanaifunga kwenye plastiki. Inasaidia sana mnunuzi wa mbali akuamini, ila ada ni makumi ya dola na usafirishaji juu, kwa hiyo fanya hivyo tu kama bei za minada ulizoziona zinazidi gharama hiyo mara kadhaa.

Kwa sasa usiipige pasi, usiioshe, usiinyooshe huo mkunjo hata kidogo kwa sababu mkunjo ndo mali yenyewe. Usiibandike seloteipu. Nunua mfuko wa plastiki ngumu wa kuhifadhia noti usio na PVC, ile aina ya plastiki ya bei rahisi, maana PVC ikikaa inatoa unyevu wa kunata unaokula karatasi, na kwa joto la Mombasa haichukui muda. Na kwenye picha unayowatumia wanunuzi ile tarakimu ya mwisho ya namba ifunike na kidole, picha nzuri za noti huwa zinaibwa na matapeli wanaziuza kama zao.